Lindo la Nyumbani: Simu Mkononi mwa Mwanafunzi

Mtu akisimama jioni kando ya barabara ya Kakoba, mjini Mbarara, saa zile wanafunzi wa shule za msingi wanaporudi makwao na mikoba migongoni, huwaona askari nao wakirejea kutoka kazini. Wako polisi waliomaliza zamu. Wako wanajeshi waliotoka Makenke, yalipo makao makuu ya Divisheni ya Pili ya Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda. Baba huingia nyumbani, huvua buti, huchomeka simu yake kwenye umeme na kwenda kuoga. Akirudi, simu haipo tena pale alipoiacha. Iko mkononi mwa mtoto wa darasa la nne aliyejikunja pembeni mwa kochi, akitabasamu peke yake.

Tabasamu lile ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Mtoto yule anatabasamu na nani?

Pengine anatazama katuni. Pengine anacheza mchezo wa magari, au anamwandikia binamu yake aliyeko Kampala. Mara nyingi ndivyo ilivyo, wala hakuna la kuogopa. Lakini yafaa tukiri kwamba mara nyingi sisi wazazi hatujui, na hatujui kwa sababu hatujauliza. Askari ambaye hawezi kumruhusu mtu apite kizuizini bila kuulizwa jina, atokako na aendako, humwachia mtoto wake wa miaka kumi lango ambalo dunia nzima yaweza kupita, na asiulize neno.

LANGO LILIVYOFUNGULIWA

Tarehe 1 Julai 2020 Mbarara ilipandishwa hadhi ikawa jiji, na Kakoba, iliyokuwa mojawapo ya divisheni za manispaa ya zamani, ikawa sehemu ya jiji hilo jipya. Siku ile ya furaha milango ya shule ilikuwa imefungwa. Ugonjwa wa korona ulikuwa umezifunga shule za Uganda tangu mwezi Machi mwaka huo, na ingawa baadhi ya madarasa yaliruhusiwa kurudi kwa vipindi, shule zote hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Takriban miaka miwili ilipita. Hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga shule zake kwa muda mrefu kama huo.

Katika miaka ile masomo yalitolewa kwa redio, kwa televisheni na kwa magazeti. Na mwenye simu ya kisasa alipokea mazoezi ya mtoto wake kwa WhatsApp. Simu, ambayo hapo awali mtoto alikatazwa kuigusa, ikageuka kuwa daftari lake. Shule zilipofunguliwa, mtoto alirudi darasani, lakini mazoea ya simu hayakurudi kabatini. Hatuwalaumu wazazi kwa hilo. Walifanya walichoweza ili watoto wao wasibaki gizani. Tunachosema ni kwamba lango lilifunguliwa kwa haja ya kweli, na haja ilipopungua hatukuweka mlinzi.

Kampuni zenyewe zinazomiliki mitandao hiyo hazidai kwamba ni mahali pa watoto wadogo. Facebook, TikTok na WhatsApp huweka umri wa miaka 13 kuwa mwanzo wa kuruhusiwa kuwa na akaunti. Kwa kuwa mtoto wa Uganda huanza darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka sita hivi, sehemu kubwa ya wanafunzi wa shule ya msingi, kwa hesabu hiyo, hawapaswi kuwa na akaunti kabisa. Wanazo, ama kwa kudanganya tarehe ya kuzaliwa, ama kwa kutumia akaunti za baba na mama.

ADUI ANAVYOINGIA

Ndugu askari, ninyi mnajua kwamba adui mwenye akili haji akipiga kelele. Huja na salamu. Kwanza hupeleleza, kisha hujenga urafiki, kisha hutenga, na mwisho hushambulia. Wanaowawinda watoto katika mitandao hufuata njia iyo hiyo, hatua kwa hatua.

Tuchukue mfano. Mfano huu tumeutunga wenyewe ili jambo lieleweke, lakini kila sehemu yake ni jambo linalotokea duniani. Sajini mmoja yuko kazini mbali na nyumbani. Mkewe na watoto wamepanga chumba Nyamityobora. Binti yao wa darasa la tano hutumia simu ya mama kila jioni kucheza mchezo ambao wachezaji huweza kuandikiana. Siku moja anapata rafiki, ambaye husema ana miaka kumi na miwili na kwamba baba yake pia ni askari. Wanaongea habari za walimu wakali na za kukosa baba nyumbani. Baada ya wiki moja rafiki anatuma muda wa maongezi wa shilingi elfu mbili, zawadi tu. Baada ya wiki mbili anaomba picha, na binti anatuma picha yake akiwa na sare ya shule, jina la shule likisomeka kifuani. Rafiki anasema, "Usimwambie mama, atatunyang'anya simu." Kisha anaomba picha nyingine, ya faragha zaidi. Binti anasita, rafiki anamkumbusha zawadi. Anaituma.

Usiku ule rafiki anageuka. Hana tena miaka kumi na miwili. Anasema kwamba picha ile itatumwa kwa mwalimu mkuu, kwa mama na kwa baba huko aliko, ila binti akituma nyingine tatu, au akiiba fedha katika simu ya mama na kuzituma kwa namba fulani.

Hapa ndipo tunapotaka kila msomaji asimame kidogo. Binti huyu wa miaka kumi na mmoja sasa ana watu wawili wa kuwaogopa. Yuko yule mtu wa kwenye simu, na yuko baba. Atamwogopa nani zaidi? Kama anamwogopa baba zaidi, basi atafanya kila anachoamriwa na yule mtu ili baba asijue. Atatuma picha ya pili na ya kumi. Ataiba fedha. Ataacha kula na kusoma. Kiboko cha baba, kilichokusudiwa kumlinda, kitakuwa kimemtia mikononi mwa adui.

Hilo ndilo neno kubwa la makala hii, na mengine yote yanalitumikia. Silaha kubwa ya wahalifu hawa ni kimya cha mtoto, na kimya hicho mara nyingi sisi ndio tuliomfundisha.

YALIYOTOKEA KWINGINE

Asiyeamini na aangalie habari ya Amanda Todd, msichana wa Kanada. Alikuwa mwanafunzi mdogo alipodanganywa na mtu asiyemjua hata akajionyesha mbele ya kamera ya kompyuta. Mtu yule alimtishia kwa picha ile kwa muda mrefu na kuisambaza kwa watu waliomjua. Kila alipohamia shule nyingine, picha ilimfuata na wanafunzi wenzake wakamcheka. Mwezi Septemba 2012 alieleza masaibu yake katika video bila kusema neno, akionyesha karatasi alizoziandika kwa mkono. Tarehe 10 Oktoba mwaka huo alijiua, akiwa na umri wa miaka 15.

Aliyemtesa alikuwa Mholanzi aitwaye Aydin Coban, aliyekuwa ng'ambo ya bahari. Waendesha mashtaka walieleza kwamba alitumia akaunti 22 za majina ya bandia. Alihukumiwa kwanza kwao Uholanzi mwaka 2017 kwa makosa ya namna hiyo dhidi ya watu wengine, kisha akapelekwa Kanada, akatiwa hatiani mwezi Agosti 2022, na mwezi Oktoba akahukumiwa kifungo cha miaka 13. Polisi wasome habari hii kwa makini. Mhalifu aliyejificha nyuma ya majina 22 na nyuma ya bahari alipatikana, kwa kuwa maandishi yake yalihifadhiwa na kuchunguzwa. Lakini haki ilifika miaka kumi baada ya kaburi.

Siku hizi hata mtoto ambaye hajatuma picha yoyote mbaya hayuko salama. Zipo programu za akili mnemba zinazoweza kuchukua picha ya kawaida ya mtoto aliyevaa nguo na kutengeneza kutokana nayo picha ya utupu ya uongo. Mwaka 2023 katika mji mdogo wa Almendralejo, nchini Hispania, wasichana wa shule waligundua kwamba picha zao za namna hiyo zinazunguka katika simu za wenzao. Waliozitengeneza na kuzisambaza walikuwa wavulana wa shule, na mwaka uliofuata mahakama ya watoto iliwaweka 15 kati yao chini ya uangalizi kwa muda wa mwaka mmoja. Kwa hiyo mzazi anayebandika mtandaoni picha ya mwanawe akiwa na sare, jina na shule yake, akidhani anaonyesha fahari, huenda anampa mtu asiyemjua udongo wa kufinyangia uchafu.

KIKULACHO

Tusije tukadhani kwamba hatari yote hutoka ng'ambo. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 13 za Afrika na Asia na shirika la ECPAT, INTERPOL na UNICEF, ambao taarifa yake kuhusu Uganda ilitolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba mara nyingi anayemdhulumu mtoto kwa njia ya mtandao ni mtu ambaye mtoto alikuwa akimfahamu tayari. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Yaweza kuwa jirani, ndugu wa ukoo, mwanafunzi wa darasa la juu, au mtu anayeaminiwa nyumbani.

Uchunguzi huo ulionyesha pia kwamba ni watoto wachache mno waliokwenda polisi au kupiga simu ya msaada. Wengine waliwaambia marafiki zao. Wengine hawakumwambia mtu yeyote. Tunawaomba askari polisi wasilione hilo kuwa tusi. Ni swali lililoelekezwa kwetu sote: kwa nini mtoto anayeonewa anapita mbele ya kituo cha polisi na haingii?

NAKIVALE NA LUGHA YA ASKARI

Kutoka Mbarara njia ya kusini huingia wilaya ya Isingiro, iliko kambi ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, nayo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa katika Afrika. Wako humo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine. Kwao simu si anasa. Ndiyo inayomuunganisha mama na nduguye aliyebaki Bukavu, au na mwana aliyehamishiwa Marekani au Australia. Mwezi Agosti 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliwaruhusu wakimbizi kusajili laini za simu kwa hati zao za ukimbizi, na jambo hilo liliwaondolea wengi adha ya kutumia laini za majina ya watu wengine.

Lakini katika nyumba nyingi za wageni mtoto anayesoma shule ndiye anayekijua Kiingereza cha kwenye simu. Yeye ndiye anayemsomea mama ujumbe, kumfungulia akaunti na kukumbuka namba ya siri. Mtoto amekuwa mkuu wa mawasiliano wa nyumba nzima, na hana wa kumwuliza. Hapo ndipo hupenya matapeli wanaojifanya maofisa, wakiahidi safari ya ughaibuni na kudai fedha, picha na hati za familia. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, limekuwa likitahadharisha mara kwa mara kwamba huduma zake ni za bure na nafasi ya kuhamishiwa nchi nyingine haiuzwi. Askari wa zamu katika makazi hayo akilirudia neno hilo kila apatapo nafasi, atakuwa amezuia hasara nyingi.

Kuna jambo jingine ambalo askari peke yake anaweza kulifanya. Mtoto wa Kikongo aliyezaliwa Kivu hawezi kusema Runyankore vizuri, na askari mzaliwa wa Ankole hajui lugha ya nyumbani ya mtoto huyo. Lakini wote wawili wana Kiswahili. Hapa Uganda lugha hii ina historia nzito. Mwaka 1973 ilitangazwa kuwa lugha ya taifa kwa amri ya serikali ya Idi Amin, na katika miaka ile wananchi wengi waliisikia kwanza ikitoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki, ikiwaamuru walale chini. Mwaka 2005 Katiba iliifanya kuwa lugha rasmi ya pili. Wazee wengine bado huisikia kama lugha ya amri. Basi askari anayemwambia mtoto wa Nakivale, "Karibu, mwanangu, kaa hapa, niambie taratibu, hukukosa," anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Anamwokoa mtoto, na anaisafisha lugha.

SHERIA INASEMAJE

Uganda haina upungufu wa sheria katika jambo hili. Mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 18. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inakataza kutengeneza, kutoa, kusambaza na hata kumiliki picha za ngono za watoto, na pia inakataza kumpelekea mtoto picha za ngono. Adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka 15. Simu ya kiganjani, kwa maana ya sheria hiyo, ni kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya habari za mtoto. Nchi jirani nazo zimetunga sheria zao, Tanzania mwaka 2015 na Kenya mwaka 2018.

Hatuna budi kusema hapa neno gumu kidogo. Askari anayepokea malalamiko ya namna hii, kisha akaituma picha ya mtoto katika kikundi cha WhatsApp cha wenzake ili nao "waone kesi", hajafanya uchunguzi. Ameisambaza picha hiyo mara nyingine, na sheria haikumwachia nafasi kwa sababu ya sare yake. Picha ya namna hiyo hubaki katika simu ya mlalamikaji hadi ichukuliwe na mpelelezi kwa utaratibu, na hutazamwa na wale tu ambao kazi yao inawalazimu.

MAAGIZO YA LINDO

Tukiyakusanya yote, tunaona kazi ya askari ina sehemu mbili, nyumbani na kituoni. Tuanze na nyumbani.

Kwanza, afande, keti na mtoto. Mwambie akuonyeshe anachocheza na anaoongea nao. Usianze na siku ya ukaguzi. Anza na siku ya kucheza pamoja. Mtoto anayekufundisha mchezo wake atakueleza mengi kuliko mtoto anayehojiwa.

Pili, mpe maneno matatu ya kukumbuka kama vile kuruta anavyokumbuka namba yake. Usitume picha kwa mtu usiyemjua ana kwa ana. Mtu mzima anayesema "usimwambie mama" ni mtu wa kuambiwa mama siku hiyo hiyo. Na la tatu: ukikosea, njoo, hutapigwa.

Hilo la tatu ndilo litakalokuwa gumu kwetu, kwa kuwa tumelelewa katika nidhamu ya adhabu. Lakini tufikiri kama wanajeshi. Mlinzi wa usiku akipiga king'ora kwa kuwa amemwona adui ndani ya waya, kamanda hamchapi mbele ya kikosi kwa kuwa waya ulikatwa katika zamu yake. Humshughulikia adui kwanza. Akimchapa, usiku unaofuata walinzi wote watanyamaza, na adui ataingia hadi ghala la silaha. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yalipiga marufuku viboko shuleni. Nyumbani, katika jambo hili, busara yenyewe inavipiga marufuku.

Tatu, simu iwe na masharti. Itumike sebuleni, isilale chumbani mwa watoto. Namba ya siri ya fedha asiijue mtoto. Katika WhatsApp upo mpangilio unaozuia watu wasiojulikana kumwingiza mtu katika vikundi, uwashwe. Zima kipengele kinachoonyesha mahali simu ilipo. Zipo pia programu za bure za kumwezesha mzazi kuchagua mtoto afungue nini na kwa saa ngapi, na askari kijana katika kikosi anaweza kuwafundisha wakubwa wake jambo hilo kwa nusu saa.

Katika kuzima mahali simu ilipo, usalama wa mtoto na usalama wa jeshi hukutana. Mwezi Januari 2018 iligunduliwa kwamba ramani ya programu ya mazoezi iitwayo Strava ilikuwa ikionyesha wazi njia za kukimbilia za wanajeshi ndani ya kambi zao katika nchi mbalimbali, kwa sababu tu walikimbia na vifaa vilivyowashwa. Mtoto wa kambini anayemtumia "rafiki" picha ya baba akiwa na sare, huku simu ikitaja mahali, anafanya vivyo hivyo bila kujua.

Sasa kituoni. Mtoto au mzazi akija na malalamiko, asielezwe habari zake kaunta mbele za watu. Jeshi la Polisi lilianzisha kitengo cha ulinzi wa watoto na familia mwaka 1998, apelekwe huko. Asiulizwe, "Kwa nini ulituma?" Swali hilo humfunga mdomo, na halimkamati mtu. Aulizwe lini, kwa njia gani, kwa jina gani, na nini kilidaiwa.

Wazazi waambiwe wasifute chochote. Mara nyingi baba kwa hasira huvunja simu, au mama kwa aibu hufuta maongezi yote, na ushahidi hupotea. Jina la akaunti, namba ya simu, tarehe, saa, na namba ya fedha iliyotajwa viandikwe. Na maneno ya vitisho yahifadhiwe kama yalivyo. Aliyetishiwa asilipe, kwa kuwa anayelipa mara moja huombwa mara ya pili. Asijibizane na mhalifu. Akaunti hiyo iripotiwe pia kwa kampuni yenye mtandao, maana sheria ya Marekani, ambako kampuni nyingi kubwa za mitandao zipo, huzilazimisha kutoa taarifa za dhuluma za watoto kwa kituo maalumu kiitwacho NCMEC, nacho huzifikisha kwa polisi wa nchi zinazohusika. Kituo hicho kilianzisha pia, Februari 2023, huduma ya bure iitwayo Take It Down, ambayo humsaidia aliyepigwa picha akiwa mtoto kuizuia isisambae katika mitandao iliyojiunga na huduma hiyo, bila picha yenyewe kutoka katika simu yake.

Na kila mtoto wa Uganda, wa Kakoba, wa Nakivale au wa kambini, ajue namba 116. Ni simu ya msaada kwa watoto, iitwayo Sauti, na haihitaji malipo. Yafaa iandikwe katika ukuta wa kila shule na kila kituo.

HATIMAYE

Wako watakaosema dawa ni kuwanyima watoto simu kabisa. Hatukubaliani nao. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa leo haungoji mtoto atoke nje ya ua ndipo umfunze. Atakayenyimwa simu nyumbani ataikuta kwa jirani, na huko hatakuwa na mtu wa kumwonya. Mtoto hufundishwa kuvuka barabara ya Kakoba kwa kushikwa mkono na kuivuka, mara nyingi, hadi siku atakapoivuka peke yake.

Leo jioni, basi, ndugu askari, ukirudi nyumbani na kukuta simu yako mkononi mwa mtoto anayetabasamu, usimpokonye, wala usipite. Keti karibu naye umwulize anacheka nini. Kama ni katuni, mtacheka wote. Na kama si katuni, atakuwa na mtu wa kumwambia.